Gombe kwa Boti ya Abiria: Mwongozo Kamili kuanzia Kibirizi hadi Kurudi

Shemeji yangu alikuja kutoka Dar na sanduku la magurudumu. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, mara mbili, aje na begi la mgongoni. Akajibu kwamba la kwake limekatika mkanda. Basi saa sita mchana tukawa tumesimama ufukweni Kibirizi, boti inaelea hatua kumi na tano kutoka mchangani, na katikati hapo hakuna gati wala ubao, ni maji tu. Kijana mmoja wa mizigo alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi, akacheka, kisha akalitwika kichwani. Shemeji naye akavua raba zake nyeupe, akakunja suruali, akaingia. Maji yakamfika mapajani. Kwa sisi tusio na uwezo wa kukodi boti ya peke yetu, safari ya Gombe huanza namna hiyo.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wa Kigoma, achilia mbali wa Tabora au Dar, hawajawahi kukanyaga Gombe, hifadhi ya sokwe. Mimi mwenyewe nimezaliwa Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, nikafika huko nikiwa na miaka thelathini na mbili. Tumekua tukiamini kwamba kule ni kwa wazungu wenye kamera ndefu. Lakini nimegundua kuwa kikwazo kikubwa si fedha. Mtu hajui safari yenyewe inaendaje: boti inaondoka wapi, inarudi lini, unalala wapi, unakula nini. Kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua, na pale ambapo watu huharibikiwa nitakaa zaidi.

Kwanza ujue unakokwenda

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ni moja ya hifadhi ndogo kabisa nchini, kilomita za mraba 50 na ushee tu: ukanda mwembamba unaoanzia kwenye mchanga wa ziwa na kupanda hadi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ilikuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ndani yake hakuna barabara wala gari. Unafika kwa maji, na ukishafika unatembea.

Ziwa lenyewe tunalizoea mno hata tunasahau lilivyo. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kikubwa kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal tu la Urusi linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Milima unayoiona ng'ambo jioni, baada ya mvua kuosha vumbi hewani, ni ya Kongo. Kiangazi ukungu huificha kabisa, ukadhani umesimama kando ya bahari.

Chagua majira kulingana na unachotaka kuona

Watu hukimbilia kiangazi, yaani Juni hadi Septemba, na wana sababu: njia za msituni ni kavu, picha zinatoka vizuri. Lakini kiangazi ndicho kipindi cha upepo mkali wa kusini, na mawimbi yake si ya mchezo. Pia Gombe ina tabia yake: wakati wa mvua sokwe hawatangitangi mbali sana, kwa hiyo mara nyingi kuwapata ni rahisi zaidi, ilimradi ukubali kuteleza na kulowa.

Mimi napenda Novemba. Mvua za kwanza zikishanyesha, mchwa hufungua vichuguu vyao kujiandaa kuruka kumbikumbi, na sokwe wanalijua hilo kuliko sisi. Huchuma kijiti au unyasi, wakausafisha majani, wakauchomeka kwenye tundu, wakasubiri mchwa waung'ate, kisha wakauvuta na kuupitisha mdomoni kama mtu anayekula mshikaki. Jambo hilo hilo ndilo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, aliliona hapa mwaka 1960, miezi michache tu baada ya kushuka ufukweni tarehe 14 Julai, na likawalazimisha wataalamu kufikiri upya, maana waliamini kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Sokwe dume aliyemwona akifanya hivyo alimwita David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za mvi. Mama Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Aprili nisingekushauri, labda kama huna nafasi nyingine.

Hesabu siku zako vizuri, hapa ndipo wengi wanapokosea

Boti za abiria haziendi Gombe kwa ajili ya watalii. Ni usafiri wa vijiji vya mwambao wa kaskazini, kama Mwamgongo na vingine vinavyoelekea mpaka wa Burundi, na zinafuata ratiba ya wanavijiji. Wao huja mjini alfajiri na samaki wao na mawese yao, huuza, hununua sukari na sabuni na mabati, halafu hurudi nyumbani mchana. Kwa hiyo kutoka Kibirizi boti huondoka kati ya saa sita na saa nane mchana, na zinazokuja mjini hupita mbele ya Kasekela, makao ya hifadhi, karibu saa moja asubuhi. Jumapili usizitegemee.

Sasa piga hesabu. Ukisema unakwenda kulala usiku mmoja, utafika Kasekela saa kumi au kumi na moja jioni, utakula, utalala, na saa moja asubuhi boti itakupitia. Sokwe hutakuwa umemwona hata mmoja. Kwa boti ya abiria, usiku wa chini kabisa ni miwili: siku ya kwanza kwenda, ya pili msituni, ya tatu kurudi. Ukiweza mitatu ni bora zaidi, kwa sababu siku ya sokwe inaweza kugoma.

Na hiyo siku ya kurudi, usiiwekee tiketi ya ndege au ya treni. Safari yangu ya pili ilikuwa Julai. Usiku upepo uliinuka, asubuhi ziwa likawa jeupe kwa mapovu, na boti haikupita. Tulikaa siku nzima ufukweni tukihesabu mawimbi. Mwenzangu alikuwa na basi la Mwanza kesho yake alfajiri, na nauli yake ikapotea. Acha siku moja ya akiba mjini Kigoma. Hutakosa cha kufanya: Ujiji iko jirani, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kuna makumbusho na miembe, na usipovutiwa na wazungu wale basi utavutiwa na dagaa.

Njia nyingine ni kukodi boti nzima. Inakwenda kwa saa moja na ushee badala ya saa tatu au nne, unaondoka unapotaka, na unaweza kwenda na kurudi siku moja. Gharama kubwa ni petroli, kwa hiyo mkiwa watu sita au wanane mnaochangia si mbaya. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: jaketi za kujiokolea ziko ngapi, petroli ya kurudi imo ndani ya bei au la, na kama kuna injini ya akiba. Jaketi usikubali kusimuliwa, zitolewe uzihesabu. Mimi nimewahi kuzimikiwa injini karibu na Kalalangabo, ndani ya boti ambayo mwenyewe aliniapia kuwa ni mpya. Iliyokuwa mpya ni rangi.

Nafasi na malipo

Wasiliana na hifadhi mapema, kwa njia ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au kwenye ofisi ya hifadhi mjini Kigoma. Vyumba vya kulala si vingi, na kipindi cha likizo vikundi vya wanafunzi hujaza. Malipo yamegawanyika: kiingilio, malazi, na mwongozaji wa msituni. Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana ukilinganisha na mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kitambulisho, kwa hiyo kadi ya NIDA isisahaulike. Utaihitaji hata njiani; huu ni mkoa wa mpakani, na watu wa uhamiaji wanaweza kupanda basi lenu na kuuliza kila mtu ametoka wapi.

Usiende na bahasha ya fedha ukitegemea kulipia getini. Utapewa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, na utalipa kwa simu au benki. Fanya hivyo ukiwa bado mjini wenye mtandao, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Fedha taslimu beba kidogo tu, noti ndogo ndogo, kwa ajili ya nauli ya boti, vijana wa mizigo na bakshishi.

Kitu kingine cha kujua mapema: mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Anaweza kubaki kambini na mzazi mmoja, lakini hiyo ni adhabu kwa wote wawili. Kama una watoto wadogo, mwishoni nimewawekea pa kwenda.

Cha kubeba

Begi la mgongoni moja, na ndani yake kila kitu kiwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Viatu vilivyofunika mguu, vyenye meno chini. Ndala pia, za kuingilia botini. Soksi ndefu za kuchomekea suruali, kwa sababu ya siafu. Hutawaona mpaka wameshapanda, na wakishapanda utavua suruali mbele za watu bila kujali heshima yako. Suruali ndefu nyepesi, koti la mvua, kofia, tochi, dawa ya mbu, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Barakoa pia, nitaeleza kwa nini.

Chakula nunua mjini, sokoni Mwanga au Kigoma: mchele, unga, nyanya, vitunguu, mayai yaliyochemshwa, karanga, ndizi kiasi. Samaki wakipatikana utawapata njiani, ila usiwahesabu kabla. Kuna miezi uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Mwaka 2024, kwa mfano, ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na wakati huo hata mjini mgebuka ulikuwa wa kutafuta.

Kibirizi

Fika saa tano na nusu asubuhi. Daladala au bajaji yoyote ya mjini itakufikisha. Ni mwendo mfupi tu kaskazini mwa bandari. Utaupata mwalo kwa harufu kabla hujauona. Dagaa wameanikwa, akina mama wanageuza, matoroli yanapita na magunia, na kando wamejipanga vijana wanaogombea mzigo wako kabla hujafungua mdomo. Salimia kwanza. "Mwakeye" ya asubuhi kwa Kiha hufungua milango mingi, hata kama neno linalofuata utashindwa. Kisha uliza waziwazi: "Boti ya Mwamgongo ni ipi? Inashusha Kasekela?" Muulize nahodha au mtu wa tiketi. Kijana wa mizigo, hata umwulize nini, jibu lake ni ndiyo.

Ukionyeshwa boti, itazame. Hizi ni boti ndefu za mbao, wazi juu au zenye turubai, na hupakia hadi zijae. Ikiwa maji yamebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni na bado wanapakia saruji, subiri inayofuata au urudi kesho. Hakuna atakayekucheka, na akicheka acha acheke.

Unapanda kwa kupita majini. Simu weka kifuani au kichwani, si mfukoni. Vijana watajitolea kukubeba mgongoni; wazee na akina mama wenye vitenge vyao hukubali, na si aibu, mkubaliane bei kabla tu. Ndani, tafuta nafasi katikati, mbali na injini kwa sababu ya moshi na kelele, na mbali na pua ya boti kwa sababu ya kurushiwa maji. Chini kuna maji siku zote, kwa hiyo begi lako likae juu ya gunia la mtu, baada ya kumwomba mwenye gunia. Jaketi la kujiokolea ukiliona, livae pale pale. Ukilikalia kama mto halitakusaidia.

Majini

Saa tatu hadi nne ni ndefu kwenye ubao. Jifunike na kitenge au kofia pana, jua la majini linachoma mara mbili, la juu na la chini. Boti itashusha watu kijiji kwa kijiji, na kila kituo ni shughuli: kuku, godoro, mabati, mtoto anayelia, mama anayedai chenji yake. Yule shemeji alianza safari amenuna, lakini tulipofika kituo cha pili alikuwa amepakata mtoto wa mtu.

Angalia milima upande wako wa kulia. Muda mrefu utaona vilima vilivyolimwa mpaka juu, mihogo na michikichi, sehemu nyingine udongo mwekundu mtupu uliokatwa na mvua. Halafu baada ya Mtanga, ghafla, kama mtu amechora mstari kwa rula, msitu unaanza. Mpaka wa hifadhi huo. Hakuna bango linaloweza kukueleza vizuri zaidi jinsi Gombe ilivyobaki kisiwa. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji hivi, wa miche ya miti, maji, afya na mikopo, baada ya kuona kwamba sokwe hawatapona kama jirani zao wana njaa. Mkibahatika kukaa na mzee wa Mtanga au Mwamgongo, muulize milima hii ilikuwaje alipokuwa kijana.

Kasekela, na hao nyani

Ukishuka, andikisha jina ofisini, panga saa ya kuondoka kesho, kisha sikiliza kwa makini maelezo kuhusu nyani. Si utani. Nyani wa Gombe wamekaa na watu kwa miongo mingi na wanajua mkate ulivyofungwa. Madirisha yana nyavu za waya kwa ajili yao. Kula ndani, funga mlango nyuma yako hata kama unatoka dakika moja, usitembee ufukweni na mfuko wa plastiki mkononi, maana kwao mfuko ni chakula. Sisi tulipoteza mayai sita. Shemeji aliweka sufuria kizingitini ili afunge kamba ya kiatu. Dume moja likaja bila haraka, likachukua yai la kwanza, likalivunja kwenye jiwe, likala likimtazama machoni, kisha likarudi kwa la pili.

Usiku usilale mapema sana. Kama mwezi hauko, toka uketi mbele ya nyumba utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka upeo wa macho, utadhani ni mji. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika na giza hutanda.

Siku ya msitu

Muondoke mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Sababu yake ni hii: kila jioni sokwe hujitengenezea kitanda kipya juu ya mti kwa kukunja matawi na majani, na watafiti huwafuata mpaka walale. Kwa hiyo asubuhi mwongozaji wako ana mahali pa kuanzia. Mkichelewa, sokwe wameshatawanyika kutafuta matunda, na mtabaki kupanda na kushuka mabonde mkifuata habari za redio ya upepo.

Kupanda kwenyewe ni kugumu. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na ukingo wa juu unafika mita 1,500, na umbali kati yake ni kilomita chache tu. Njia zinapanda wima, mara unashika mizizi, mara unatambaa chini ya mitambaazi. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa tano. Mwambie mwongozaji ukweli kuhusu magoti yako kabla ya kuanza.

Utawasikia kabla ya kuwaona. Inaanza kama mtu anayehema, huu, huu, huu, inapanda, inapanda, halafu inapasuka kuwa kelele ya kundi zima na mlio wa ngoma: wanapiga mizizi mipana ya miti kwa miguu. Nywele zinasimama. Shemeji alinishika mkono, na mpaka leo anakana.

Mkiwafikia, kanuni ni hizi, na zishike bila ubishi. Mnavaa barakoa. Mnakaa mita 10 kutoka kwao. Wao wakisogea, ninyi mnarudi nyuma. Muda wenu ni saa moja. Hakuna kula, kunywa, wala kutema mate. Haja ikikubana, mwambie mwongozaji. Na ukiwa na mafua au kikohozi, usiende kabisa, hata kama umeshalipa. Magonjwa yetu wanayapata. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwaua na kuwalemaza baadhi yao hapa hapa Gombe, na mafua ambayo wewe unayatibu kwa chai ya tangawizi yanaweza kummaliza mtoto wa sokwe.

Dume likianza kujitutumua, nywele zimesimama, linaburuta tawi na kurusha mawe, usikimbie. Kaa karibu na mti, ushike, msikilize mwongozaji. Anatishia wenzake, si wewe. Ingawa palikuwa na mmoja, Frodo, ambaye hakuwa akibagua.

Waulize waongozaji majina na koo. Hapa kila sokwe ana jina, na watoto hupewa jina linaloanza na herufi ya mama yao. Mama mmoja, Flo, alifariki mwaka 1972. Ukoo wake ni wa F: Fifi, Freud, huyo Frodo. Wa G una Gremlin aliyezaa mapacha, Golden na Glitter, mwaka 1998. Mwongozaji mzuri atakusimulia haya kama mtu anayesimulia jirani zake: nani alimpindua nani, nani hapatani na nani. Na usisahau kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imekusanywa na watu wa vijiji hivi. Mwaka 1974, kundi la sokwe la Kasekela lilipoanza kuwashambulia wenzao waliojitenga upande wa kusini, vita vilivyokwenda miaka minne, aliyeshuhudia shambulio la kwanza la kuua na kuliandika ni Hilali Matama, mtafiti Mtanzania. Vitabuni utakuta majina ya wageni. Msituni waliokuwa wakitembea kila siku ni akina Matama.

Mkiteremka, ombeni mpitie maporomoko ya Kakombe. Ni mwendo wa kama nusu saa kutoka kambini, bonde lina ubaridi, maji yanashuka kwenye mwamba mweusi wenye ukoka na kangaga. Wapeni miguu nafasi ya kupoa hapo. Kama bado mna nguvu, kuna kilele ambacho Goodall alikuwa akikaa na darubini yake, lakini hiyo iachieni siku ya tatu, kama mnalala usiku mitatu.

Kuogelea

Mchana wa pili ni wa ziwa. Maji ni angavu, na ukiwa na miwani ya kuogelea utaona kati ya mawe samaki wadogo wa njano, wa bluu, wenye mistari. Wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani ila ziwa hili. Waulize askari wa hifadhi waogelee wapi wageni leo, usichague mwenyewe: mamba wapo ziwani, na mahali palipokuwa salama mwaka jana si lazima pawe salama sasa. Epuka midomo ya mito na sehemu zenye matete, pia mbele ya vijiji, kwa sababu ya kichocho. Ukirudi nyumbani na baada ya wiki kadhaa ukaona homa isiyoeleweka au damu kwenye mkojo, mwambie daktari kwamba uliogelea Tanganyika. Maji ya ziwa usinywe bila kuchemsha, hata kama wenyeji wanayanywa mbele yako.

Kurudi

Agiza boti jioni: waambie watu wa hifadhi kwamba kesho unaondoka, ili asubuhi wakusaidie kuipungia. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafika ufukweni na begi limefungwa. Nahodha akiona watu atakata kona. Asipoona mtu hapunguzi mwendo. Asubuhi ziwa kwa kawaida limetulia kuliko mchana, na boti imejaa samaki na mawese, kwa hiyo nguo yako safi ya mwisho usiivae hapo.

Kama unataka kubwa zaidi, au una watoto

Mahale iko kilomita 120 na zaidi kusini mwa Kigoma, na ni pori la aina nyingine: kilomita za mraba 1,613, hifadhi ya taifa tangu 1985, mlima Nkungwe wenye mita 2,462, na sokwe ambao watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuata tangu 1965. Huko watoto wanaruhusiwa kuanzia miaka 12. Lakini ni safari ya siku nyingi na fedha nyingi. Zamani watu walikwenda na Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kabla ya kupanga safari kwa meli, nenda bandarini uulize ana kwa ana nini kinasafiri mwezi huo. Usiamini ratiba ya mtandaoni.

Wenye watoto, panda daladala ya Katonga, mwombe konda akushushe njia panda ya ufukwe wa Jakobsen, halafu tembea kama dakika ishirini. Kuna kiingilio, kuna vighuba viwili vya mchanga vilivyozungukwa na miti, na maji yanayomfaa mtoto anayejifunza kuogelea, mzazi akiwa ndani ya maji pamoja naye. Beba chakula chako, na beba mfuko wa kurudishia taka.

Shemeji amepiga simu wiki iliyopita. Anakuja tena Novemba, na ananiuliza begi la mgongoni zuri mjini Kigoma linauzwa wapi. Nimemwambia Mwanga, na kwamba mayai safari hii yatakaa kwenye begi langu.